Gari la viti viwili linalofunuka paa kwa Arusha na Moshi: Roadster, MR-S, S2000 au Z4?

Mwananjiro

Wakuu, habari za jioni. Nataka gari la viti viwili linalofunuka paa. Maelezo mengi ninayokutana nayo yanahusu barabara za Ulaya na Japani, naomba tulijadili kwa mazingira yetu ya Arusha na Moshi.

Matumizi yenyewe: litakuwa gari la pili nyumbani. Katikati ya wiki linalala. Jumamosi na Jumapili linakwenda Moshi kwa njia ya Usa River na Boma Ng'ombe, mara chache Marangu au Karatu. Nakadiria kilomita 8,000 kwa mwaka. Kutoka lami hadi getini kuna njia ya vumbi na mawe, kama mita 400, na gari litalala chini ya mjakaranda, banda sina. Gia ziwe za mkono.

Nimebaki na manne: Mazda Roadster (NB ya 1998 hadi 2005, au NC ya 2005 hadi 2015), Toyota MR-S (1999 hadi 2007), Honda S2000 (1999 hadi 2009) na BMW Z4 ya kwanza, E85 (2002 hadi 2008).

Ninachotaka kujua: kila moja linakufa kwa ugonjwa gani, vipuri vyake vinapatikana bila kusubiri meli au la, linapita vipi kwenye matuta, na paa linahimili vipi jua letu na masika. Lipi lina kasi zaidi tuliache, barabara yenyewe ni hamsini na tochi kila kijiji.

---

Spana_ya_12

Mkuu, anza na cc kabla hujapenda rangi. Ushuru wa bidhaa unapanda injini ikivuka 2,000 cc, na hapo ndipo magari yanayofanana yanapoachana bei. S2000 ya mwanzo, AP1, ina 1,997 cc. AP2 iliyouzwa Japani kuanzia mwishoni mwa 2005 ina 2,157 cc. Z4 za 2.2, 2.5 na 3.0 zote zimevuka mstari. NC ni 1,998, MR-S ni 1,794, NB ni 1,597 au 1,839. Yote uliyotaja yamepita miaka 10, kwa hiyo nyongeza ya uchakavu haikwepeki. Ingiza kila moja kwenye kikokotoo cha TRA kwa mwaka wake na cc zake halisi kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote.

Sasa Roadster. NB ina sifa moja inayonifanya niiweke juu kwa mtu anayenunua gari ambalo historia yake haijulikani: mkanda wa taimingi ukikatika, vali hazigongani na pistoni. Hiyo ni kwa B6 ya 1.6 na BP ya 1.8 za miaka ya mwanzo (1.8 ya kuanzia 2000, yenye muda wa vali unaobadilika, usiihesabie hivyo). Gari linazimika barabarani, unalivuta, unafunga mkanda mpya, maisha yanaendelea. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari lililobadilishiwa Japani kwa kawaida lina stika chini ya boneti yenye tarehe na kilomita. Kama stika haipo, hesabu kwamba haujabadilishwa. Fundi akishafungua mbele, badilisha vyote kwa pamoja: mkanda, rola ya kukazia na rola ya kuongozea, pampu ya maji, sili mbili za kemshafti, sili moja ya mbele ya krenki, na thermostati. Kufungua ni kule kule, na sili ya shilingi chache ikivuja miezi mitatu baadaye inalowesha mkanda mpya kwa oili na kuuua.

Rejeta ya NB ina kichwa cha plastiki. Ikiwa mpya ni nyeusi. Ikigeuka rangi ya kahawia inayoelekea kijani, imebaki siku chache ipasuke. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachozuia yasichemke mapema ni presha ya mfuniko, kwa hiyo mfuniko uliolegea hapa ni hatari kuliko ukiwa Tanga. Ujazo ni lita 6, nusu kulenti na nusu maji ya betri yasiyo na asidi. Maji ya bomba usitie, yana madini mengi.

Kutu ndiyo itakayokufanya ujute. Iangalie sehemu mbili. Ya kwanza ni kizingiti cha mlango mbele ya tairi la nyuma, na hiyo nitaiacha kwa watu wa paa kwa sababu chanzo chake kiko juu. Ya pili watu huisahau: chasisi za mbele za NB zina bati la tabaka mbili, maji yanakaa katikati na kula kutokea ndani. Lala chini, gonga kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma ya bampa hadi usawa wa injini. Bati zima linalia. Lililooza linatoa sauti nzito ya udongo. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Gari lililoishi Hokkaido au mikoa mingine ya theluji limekanyaga chumvi ya barabarani kila baridi, liache hata kama lina grade nzuri.

NC ni hatua moja mbele kwa urahisi wa kuishi nayo. Injini ya 2.0 familia ya LF inatumia cheni, na ndugu zake wamo kwenye Atenza, Axela na MPV, hivyo plagi, koili na sensa nyingi hazikusumbui. Ugonjwa wake mdogo ni kopo la plastiki la maji ya akiba, hupasuka kwenye mshono. Ukiona alama nyeupe au za rangi zilizokauka kuzunguka mshono, badilisha kabla halijakuacha Kikatiti. Jua pia kwamba NC haina tairi la akiba. Inakuja na pampu na dawa ya kuziba. Beba vijiti vya kuzibia tubeless na pampu ya umeme, dawa yenyewe huwa imeshakauka.

Kura yangu: NC yenye rimu za 16.

---

Mdau_Kiboriloni

Mkuu Spana amesema vizuri ila ameipita MR-S kimya, na kwa suala la vipuri ndiyo inayoongoza. Injini ni 1ZZ, ile ile familia ya Wish ya 1.8, RAV4 ya 1.8, Premio na Allion za 1.8. Plagi, koili, filta ya oili, vali ya VVT-i, vyote unavipata Moshi mjini asubuhi hiyo hiyo, na kila fundi wa Toyota ameshaifungua 1ZZ. Uzito wake ni karibu tani moja. Cheni, hakuna mkanda.

Lakini usinunue kwa kuamini neno Toyota peke yake. 1ZZ za miaka ya mwanzo zina pistoni ambazo matundu ya kurudishia oili kwenye ringi ni madogo. Yakiziba kwa masizi, ringi ya oili inaganda na injini inaanza kula oili. Kwenye Wish mwenye gari anaongeza oili na anaendelea. Kwenye MR-S shida inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu eksozi manifodi yake ina katalisti ndogo (kisafisha moshi) ndani yake, karibu kabisa na milango ya silinda. Oili inayoungua inaichoma, ile sega ya udongo inameguka, na vipande vinavutwa kurudi ndani ya silinda. Udongo ule ni kama msasa. Ukisikia MR-S imeua injini bila kuchemsha, mara nyingi ni hii.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji mashine. Injini ikiwa baridi, fungua sensa mbili za oksijeni zilizo kwenye manifodi, mulika tochi ndani ya tundu. Sega inatakiwa iwe nzima, matundu yamepangika kama nta ya nyuki. Ikiwa imemeguka, au hakuna kitu kabisa na muuzaji hajui ilienda wapi, usilipe bei ya gari zima. Ikiwa nzima, tafuta manifodi isiyo na katalisti ya ndani na uifunge mapema; katalisti kubwa ya nyuma inabaki mahali pake. Oili ni lita 3.7 pamoja na filta, na stiki iangaliwe kila unapojaza mafuta.

Jambo la pili ni maji. Injini iko nyuma ya viti, rejeta iko mbele, mabomba yanapita chini ya gari urefu wote. Fundi anayefungua bomba moja kisha akajaza maji kama anavyojaza Wish anaacha hewa ndani, na silinda hedi inachemka huku geji ikionyesha kawaida. Weka hita kwenye joto la mwisho, fungua vali za kutolea hewa zilizo mbele, jaza taratibu hadi maji yatoke bila mapovu, funga, washa, subiri feni iwake na kuzima mara mbili, zima, acha ipoe, ongeza. Ruhusu saa nzima kwa kazi hiyo.

Upepo wa matairi nao una sheria yake. Mbele na nyuma saizi ni tofauti (mbele 185/55R15, nyuma 205/50R15, na za kuanzia 2002 nyuma ni 215/45R16), presha pia ni tofauti, nyuma juu kuliko mbele. Kijana wa upepo akikuwekea sawa pande zote, gari linakuwa jepesi mbele na halisikii usukani. Na barabara ya Marangu ikiwa imelowa, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, nyuma inataka kukupita. Matairi ya nyuma yakibaki na milimita 3 usisubiri masika.

Buti haina. Kuna kisanduku nyuma ya viti kinachomeza begi la siku mbili, basi. Na matangazo mengine yanaandika "manual" kumbe ni SMT, ile ya pedali mbili inayobadilisha gia kwa pampu ya haidroliki. Pampu ile ikifa, hapa hutapata wa kuitengeneza. Hesabu pedali kwenye picha.

---

Oili_5W40

Nachangia S2000 na Z4, maana zote mbili hununuliwa kwa macho.

S2000 ni injini nzuri sana kwa mtu mwenye nidhamu. Injini ya AP1, F20C, inatoa farasi 250 kwa mizunguko 8,300 kwa dakika, bila tabo. Kwa mwinuko wa Arusha injini yoyote isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 15, Moshi kama 10, kwa hiyo usishangae ikionekana mpole kuliko sifa zake. Kibandiko cha mfuniko wa tenki kinataka petroli ya oktani ya juu. Kwa hewa yetu nyepesi haigongi kirahisi, ila ukiteremka Tanga au Dar ukaikanyaga kwa gia kubwa na mzunguko mdogo, hapo utasikia. Tumia gia ndogo, iache izunguke.

Kinachoiua ni oili kupungua bila mwenyewe kujua. Inachukua lita 4.8 na filta, na AP1 nyingi zinakula kidogo kidogo zikizungushwa sana. Pima stiki kila ukijaza tenki, injini ikiwa imepumzika dakika kadhaa kwenye sehemu tambarare. Usivuke 6,000 kabla injini haijapata moto vizuri, na kumbuka kwamba geji ya maji inafika kati mapema kuliko oili inavyopata joto. Ongeza dakika kumi za kuendesha taratibu. AP1 za mwanzo zina boliti za kupulizia oili pistoni zenye matundu 2. Za baadaye zina 4, nazo zinaingia zile zile. Sampu (karai la oili chini ya injini) ikishuka siku yoyote, zibadilishe.

Kuna kitu kimoja cha kukagua ambacho hakionekani kwa kuendesha. Mtu akitoka gia ya tatu akitaka ya nne akaingia ya pili kwa bahati mbaya, injini inazungushwa kupita kiwango na magurudumu yenyewe, na kikata moto hakiwezi kuzuia. Vishikio vya springi za vali vya AP1 hupasuka nyufa kwa tukio hilo moja, kisha vinashikilia kwa miezi kadhaa kabla ya kuachia. Ndiyo maana unafungua kifuniko cha vali kabla ya kulipa: kishikio kilichopasuka kinazama, na shina la vali linaonekana refu kuliko wenzake. Ukisikia kelele ya chuma inayokwaruza mbele ya injini ikiwa baridi, ni kikaza cheni. Hicho ni kipuri tu, hakikuzuii kununua ila kikushushie bei.

Z4 nitaisema kwa mpangilio wa jinsi inavyokula hela. Kwanza mfumo wa maji. Injini ya M54 (zile za 2002 hadi 2005) ina bloku na hedi za alumini, na ikichemka sana mara moja nyuzi za boliti za hedi ndani ya bloku zinang'oka. Kopo la akiba, mabomba, thermostati, pampu ya maji: vyote vina plastiki, vyote vina umri mmoja. Vibadilishe kwa pamoja siku ya kwanza gari likifika, usisubiri kimoja kikuambie. Pili, vali ya kurudisha moshi wa krenki inaziba na injini inaanza kunywa oili. Watu wanazilaumu ringi bila kosa. Tatu, gasketi ya nyumba ya filta ya oili, inadondosha kwenye mkanda. Nne, usukani wa umeme: baada ya mwendo mrefu kwenye joto unanata katikati, kama kuna mtu ameushika. Jaribio la dakika kumi mjini halikuonyeshi. Nenda nalo mpaka Boma Ng'ombe na kurudi.

Faida yake ni kwamba M54 ni ile ile ya E46, BMW ya 3 Series ya wakati huo, na 320i na 325i zimejaa nchini. Ilala Dar es Salaam unapata sehemu za injini zilizotumika na zinafika kwa basi kesho yake. Vya bodi na paa havifiki hivyo. Inataka pia mashine ya kupimia inayosoma BMW. Ile ndogo ya bluetuthi inakuonyesha robo ya habari. Na angalia usukani, Japani baadhi ya BMW ziliuzwa zikiwa na usukani wa kushoto.

Runflat, zile tairi zinazotembea hata zikiisha upepo, zitoe. Kwenye rasta na matuta yetu zinapasua rimu na kuua bushi. Weka tairi za kawaida 225/45R17 na pampu.

---

ShonaTurubai

Wakuu, mmeongea injini vizuri, ila gari la aina hii linaoza kuanzia kwenye paa. Mwananjiro, mjakaranda wako ndio adui namba moja. Oktoba na Novemba maua yale yanaanguka, yanasagika yakawa uji, na kuingia kwenye mifereji ya paa.

Kwenye NB maji ya paa hayateremki nje ya bodi. Yanaingia kwenye mfereji nyuma ya viti, kisha kwenye funeli mbili, moja kila upande nyuma ya mnara wa mkanda wa kiti, na kutokea chini mbele ya tairi la nyuma. Funeli ikiziba, maji yanafurika ndani ya kizingiti na hapo ndipo ile kutu ya Spana inapozaliwa. Kupima: mimina nusu lita ya maji polepole kwenye mfereji, mtu mwingine aangalie chini. Lazima yatoke mara moja na kwa wingi ule ule. Yakitoka matone, zibua kwa uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea majani, ukiusukuma huku unazungusha. Waya wa chuma usitumie, unatoboa funeli na hapo maji yataingia ndani moja kwa moja. NC ina chujio dogo kwenye tundu la mfereji. Linavutwa kwa mkono, linaoshwa, linarudishwa. Kwa gari linalolala chini ya mti, fanya hivyo kila mwezi, na kila wiki maua yakianza.

Z4 ina jambo baya zaidi. Mota ya pampu ya haidroliki ya paa imewekwa chini kabisa kwenye shimo la upande wa kushoto nyuma, mahali pale pale mfereji unapopita. Mfereji ukiziba, mota inazama. Ukinunua Z4 ambayo paa lake linafanya kazi, zibua mifereji siku hiyo hiyo, kisha panga mota ihamishiwe ndani ya buti kwa kurefusha waya. Ambayo paa halifanyi kazi na muuzaji anasema "ni fyuzi tu", hesabu mota.

Turubai lenyewe Arusha tuna bahati. Mji huu unashona turubai na paa za magari ya safari mwaka mzima, kwa hiyo mashine nzito, uzi na mafundi vipo. Kioo cha plastiki kikiwa cha njano au kimepasuka, huna haja ya kuagiza paa jipya. Kinakatwa na kushonwa kingine. Mwambie fundi mambo haya: plastiki safi ya unene wa karibu milimita 1, uzi wa poliesta unaohimili jua (uzi wa pamba unaoza ndani ya mwaka), kipimo kichukuliwe kwa kioo cha zamani kabla hakijatupwa, na mshono upakwe dawa ya kuziba kwa ndani na nje. Mishono ya paa ikianza kuachia, ishonwe kwa kupita kwenye matundu yale yale ya zamani. Kila tundu jipya la sindano ni tundu jipya la maji.

Kwenye S2000 angalia kitambaa pale kinapokunjika pembeni nyuma ya kioo cha mlango. Mfupa wa fremu unakisugua hadi kinatoboka. Kiraka cha ndani kinashika kama kitobo ni kidogo kuliko kidole gumba. Kikizidi hapo, ni paa jipya.

Matunzo: osha kwa maji na sabuni laini, brashi laini, kamwe mashine ya presha. Raba zote za milango na vioo zipakwe silikoni kila miezi mitatu. Grisi na mafuta ya kawaida yanazivimbisha. Paa likiwa limelowa usilikunje, linaota ukungu. Na asubuhi za Juni na Julai, paa lenye kioo cha plastiki usilifunue kabla jua halijalipasha. Plastiki baridi inapasuka kwenye mkunjo, na ufa huo hauzibiki.

---

Mwananjiro

Asanteni sana wakuu, na dada Shona kwa hili la mjakaranda, sikulifikiria kabisa. Z4 naitoa. S2000 inahitaji moyo ambao sina wa kupima oili kila tenki. Nimebaki na NC na MR-S. Spana, ulisema rimu za 16, kwa nini? Na je, kuna njia ya kuinua kidogo bila kuharibu gari?

---

Spana_ya_12

Mkuu, ni suala la ukuta wa tairi. NC yenye 205/45R17 ina ukuta wa milimita 92. Ikivaa 205/55R16 ukuta unakuwa karibu 113, na gari linainuka milimita 8 hivi. Hiyo 205/55R16 ipo kila duka la matairi. Ya kiwandani 205/50R16 utaitafuta. Spidi itasoma pungufu kama asilimia 2.5, ukumbuke ukiwa kwenye hamsini. Kwa NB, 195/50R15 ikipandishwa hadi 195/55R15 inainua karibu sentimita 1. Zote mbili, kabla ya kulipa, kata usukani hadi mwisho kila upande watu wawili wakiwa wamekaa ndani, hakikisha tairi haligusi.

Kwenye rimu kuna mtego. NC ni 5x114.3 (nati tano kwenye duara la milimita 114.3), sawa na Toyota nyingi, lakini tundu la katikati la Mazda ni milimita 67.1 na la Toyota ni 60.1. Rimu ya Toyota haiingii kwenye habu, na fundi akikuambia ataichonga, kataa. Za Mitsubishi za 5x114.3 zina 67.1. NB ni rahisi zaidi: 4x100 yenye 54.1, sawasawa na Vitz, IST na Spacio.

Kuinua kwa springi ndefu sikushauri. Kazi ya kwanza ni kulirudisha gari kwenye kimo cha kiwandani. Roadster nyingi kutoka Japani zimeshushwa. Ukiona shokapu yenye nyuzi na pete za kukazia, au springi za rangi kali, siyo za kiwandani. NC au NB yenye springi zake na bushi nzima ina sentimita 13 hadi 14 chini, inapita matuta mengi ya barabara kuu ukienda kwa gia ya kwanza bila kukanyaga breki juu ya tuta. Breki inazamisha pua, na ndiyo inayokwangua. Achia breki kabla tairi la mbele halijapanda.

Bushi za mikono ya saspensheni zikiwa zimekufa, wachonga bushi wa magari ya safari wanaweza kukutengenezea za poliyurethani kwa kipimo. Kisha alaimenti ya magurudumu yote manne. Roadster inarekebishwa hadi nyuma, na sehemu nyingi wanagusa mbele tu.

---

Mdau_Kiboriloni

Mwananjiro, ukiamua MR-S, siku ya kuangalia gari fuata mtiririko huu. Mwambie muuzaji asiiwashe, ufike ikiwa baridi. Shika kifuniko cha injini kwa mkono, kama kina joto rudi kesho. Vuta stiki ya oili: iliyo chini ya alama ya chini kabisa ni jibu tosha. Fungua kopo la maji, yawe na rangi, yasiwe na utando wa mafuta. Fungua zile sensa mbili, mulika manifodi, rudisha. Washa, iache isimame dakika kumi, kisha ongeza mafuta ghafla mtu akiwa nyuma: moshi wa bluu baada ya kusimama ujue injini inakula oili. Zungusha usukani, sikiliza. Endesha hadi feni iwake. Pitisha mkono kwenye kapeti nyuma ya viti na chini ya miguu ya abiria, mbichi au yenye harufu ya ukungu ujue mifereji imeziba. Funga paa, mwagia maji ya mpira dakika kumi, kaa ndani na vioo vimefungwa. Mwisho lipandishe kwenye shimo la gereji ufuate mabomba mawili ya maji kutoka mbele hadi nyuma kwa tochi, kila klipu, kila kiungo. Mabomba hayo ndiyo yanayopiga mawe ya njia yako ya mita 400, na likitoboka moja ukiwa unaendesha, geji ya joto itachelewa kukuambia.

---

Oili_5W40

Naongeza moja kwa lolote utakalochukua: washa taa mchana. Gari hili linaishia usawa wa gurudumu la Fuso, na pale Tengeru lori likihama njia dereva hakuoni kwenye kioo chake cha pembeni. Usikae usawa wa kabini yake upande wa kushoto, mpite au kaa nyuma.